Muhula Mmoja Seoul Si Matembezi

Mwanafunzi wa chuo kikuu akitaja tu kwamba ameomba kusoma muhula mmoja katika mji wa Asia, jibu hulikuta limeshaandaliwa. Mzazi hulitoa kwa wasiwasi, mhadhiri hulitoa kwa dharau, na wenzake wa hosteli hulitoa huku wakicheka: "Miezi minne? Hayo ni matembezi." Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kusoma ng'ambo ni kuondoka ukiwa umeagwa na ukoo mzima na kurudi baada ya miaka na shahada mkononi. Kinachopungua hapo huhesabiwa kuwa kupiga picha na kununua zawadi. Na kama safari yenyewe ni ya Seoul au Taipei, wala si ya London au Boston, hukumu huwa kali zaidi: mtoto anakwenda kupotea.

Naipinga hukumu hiyo yote. Muhula mmoja ni muda unaotosha kwa kazi yake, na kazi yake ni tofauti na ya shahada. Shahada humtengeneza mtaalamu. Muhula humweka kijana ambaye bado anasoma ndani ya taratibu za jamii nyingine, humdai kila anachodaiwa mwenyeji, kisha humrudisha darasani kwao kabla hajasahau maswali aliyokwenda nayo. Sijui chombo kingine katika elimu yetu ya juu kinachofanya kazi hiyo. Nitaueleza msimamo huu kwa mfano wa Seoul, mji wenye wakazi zaidi ya milioni 9, kwa sababu unaonyesha vizuri faida ya mpango huu na pia mahali unapoharibikia.

Siku ya tatu

Wanaoita muhula matembezi wanaisahau methali waliyofundishwa wenyewe: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtalii haifikii siku hiyo ya tatu. Hata akikaa wiki sita, hakuna anayemkabidhi jembe. Mwanafunzi wa mabadilishano hukabidhiwa lake wiki ya kwanza.

Muhula wa vuli nchini Korea Kusini huanza mwanzoni mwa Septemba na kumalizika katikati au mwishoni mwa Desemba. Ni wiki kama 16. Kufikia wiki ya nane kuna mtihani wa katikati ya muhula, na wiki hiyo maktaba hujaa usiku kucha, wanafunzi wakiwa wamelalia vitabu, vikombe vya kahawa vimepangwa pembeni. Alama A haigawiwi kama njugu, maana vyuo vingi huweka kikomo cha asilimia ya darasa wanaoweza kuipata. Mwanafunzi aliyezoea kwamba ukifikisha 70 umepona, hukuta kwamba 70 yake inapimwa dhidi ya aliyoipata jirani yake. Unaweza kuupenda utaratibu huo au kuuchukia. Lakini huwezi kuubishia kwa uzito ule ule kabla hujaonja kukaa ndani yake.

Nje ya darasa jembe ni zito vilevile. Anayekaa zaidi ya siku 90 lazima ajisajili uhamiaji, atoe alama za vidole, apewe kitambulisho chenye namba na anwani yake. Bila hicho, hata laini ya simu na akaunti ya benki ni taabu. Taka za nyumbani haziwekwi kwenye mfuko wowote. Tangu 1995 kila kaya hununua mifuko maalumu ya taka, ambayo huuzwa kwa jina la wilaya, na mabaki ya chakula hutengwa peke yake. Kijana aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi akisikia kwamba taka zinalipiwa kwa ujazo, hudhani ni habari ya semina ya mazingira. Akiishi nayo miezi minne, akaambiwa na mwenye nyumba kwamba mfuko wake umerudishwa kwa sababu maganda ya ndizi yamechanganywa na karatasi, anaanza kuuliza maswali ya mtu wa mipango miji: nani anakagua, nani anatoza, fedha inakwenda wapi, na kwa nini watu wanatii?

Chukua pia kazi ya kikundi, ambayo vyuo vya Seoul huipenda sana. Wanafunzi wanne au watano wanapewa mada, wanafungua kundi la mazungumzo katika simu, wanagawana sehemu. Saa tano usiku ujumbe unaingia: slaidi zako bado, na kesho asubuhi tunawasilisha. Kundini yupo aliyetangulia mwaka mmoja, na huyo husemeshwa kwa namna yake, maana katika Kikorea daraja la umri hubadilisha umbo la sentensi nzima. Hapa Mswahili ana mtaji ambao mwenzake wa Ulaya hana. Aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba haoni ajabu kwamba heshima ina sarufi. Kinachomgusa ni jambo jingine: kwamba katika adabu hiyo yote, muda wa kazi hauchezewi. Mtu anaweza kuinama kwa heshima na papo hapo akakukata jina katika orodha ya waliochangia.

Huo si utalii. Mtalii hana alama za kupoteza.

Kalenda ya vuli

Pingamizi la pili ni kwamba miezi minne haitoshi kuielewa nchi. Ni kweli haitoshi. Hata miaka 40 haimtoshi mtu kuielewa nchi aliyozaliwa. Swali la haki ni kama inatosha kuvunja yale tuliyodhani tunayajua, na hapo jibu langu ni ndiyo.

Sisi Waafrika Mashariki tuna sentensi moja kuhusu Korea, na imekaririwa katika hotuba nyingi mno: kwamba miaka ya 1960 walikuwa maskini kama sisi, tazama leo. Baada ya hapo mzungumzaji hutaja nidhamu na bidii, anapigiwa makofi, anaketi. Sentensi hiyo imetudumaza. Inageuza historia ya watu kuwa mahubiri ya kutukemea, na inaficha kila kitu ambacho kingetufaa kujua.

Mwanafunzi aliyeko Seoul wakati wa vuli hakutani na sentensi hiyo. Hukutana na kalenda. Tarehe 9 Oktoba ni sikukuu ya taifa kwa ajili ya alfabeti, nitairudia hapo chini. Katikati ya Novemba, siku moja ya Alhamisi, nchi nzima hutulia kwa sababu ya mtihani wa kuingia vyuo vikuu. Ofisi huchelewa kufunguliwa, soko la hisa huanza saa moja baadaye, polisi huwabeba watahiniwa waliochelewa, na ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati wa kipindi cha kusikiliza Kiingereza. Wahubiri wetu wa bidii husimulia siku hiyo kwa sifa tupu. Mwanafunzi aliyeketi kantini na vijana walioupitia mtihani huo mwaka uliotangulia husikia upande wa pili: shule za jioni za kulipia, usingizi wa saa chache, familia zilizokopa, na wale ambao majina ya vyuo vyao yatawafuata hadi kwenye usaili wa kazi na hata uchumba. Anarudi nyumbani akiwa na sababu za kuiga na sababu za kukataa, na zote mbili ni mali.

Tarehe 13 Novemba ni siku nyingine. Siku hiyo mwaka 1970, fundi wa kiwanda cha nguo aitwaye Jeon Tae-il, kijana wa miaka 22, alijichoma moto kando ya soko la Pyeonghwa pamoja na kitabu cha sheria ya kazi, akipinga hali ya wasichana wadogo walioshona kwa saa nyingi katika vyumba visivyo na hewa. Sanamu yake ipo leo juu ya daraja la mto Cheonggyecheon, katika eneo lile lile la masoko ya nguo, na wapita njia huiwekea maua. Mwanafunzi wetu akisimama pale hawezi tena kuamini kwamba utajiri wa nchi hii uliletwa na nidhamu peke yake. Atauliza nani aliulipia utajiri huo. Atasoma kwamba kabla ya viwanda kulikuwa na mageuzi ya ardhi, sheria ya 1949 iliyotekelezwa kuanzia 1950, ambayo iliweka ukomo wa karibu hekta tatu kwa mwenye shamba na kuwapa wakulima wapangaji umiliki. Hotuba zetu huruka habari hiyo kila mara, na si vigumu kujua kwa nini.

Akisoma Yonsei, pale mtaa wa Sinchon, historia humngoja langoni. Tarehe 9 Juni 1987 mwanafunzi wa chuo hicho, Lee Han-yeol, alipigwa kichwani na kombora la gesi ya machozi katika maandamano mbele ya lango kuu. Alifariki Julai 5. Katikati ya tarehe hizo mbili, umma ulifurika barabarani na utawala ukakubali uchaguzi wa moja kwa moja wa rais. Na waliokuwa Seoul vuli ya 2024 hawakuhitaji kusoma habari za aina hiyo kitabuni. Usiku wa Desemba 3, walipokuwa wakijiandaa kwa mitihani ya mwisho, Rais Yoon Suk-yeol alitangaza sheria ya kijeshi. Wananchi walikimbilia bungeni, wabunge 190 walifika ukumbini, na wote 190 wakapiga kura ya kuibatilisha kabla hakujapambazuka. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa kutoka Makerere au Dodoma ambaye angekuwa chumbani kwake usiku ule, akifuatilia na wenzake huku wengine wakivaa makoti kwenda kwenye viwanja vya bunge, angekuwa amejifunza jambo kuhusu katiba ambalo muhula mzima wa mihadhara haumpi. Mwambie yeye kwamba alikwenda kutembea.

Lugha iliyokatazwa

Nafika kwenye hoja ninayoijali kuliko zote.

Wapinzani husema Asia haifai kwa sababu ya lugha: Kikorea ni kigumu, miezi minne haitamfikisha mtu popote, na akirudi hatakitumia. Ninaona kinyume chake. Lugha ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda.

Herufi za msingi za Kikorea ni 24, konsonanti 14 na irabu 10. Mfalme Sejong alikamilisha alfabeti hiyo mwaka 1443 na kuitangaza 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma. Mwanafunzi makini huziweza herufi hizo kabla hata hajapanda ndege. Kuzungumza ni kazi nyingine. Kozi ya kawaida katika vituo vya lugha vya vyuo vikuu vya Seoul ni saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi, jumla saa 200. Mwanafunzi wa mabadilishano huchukua sehemu tu ya mzigo huo, na mwishoni mwa Desemba hataweza kuandika insha ya falsafa. Ataweza kununua dawa, kuulizia njia, kusoma tangazo la mwenye nyumba na kuomba radhi kwa adabu. Huo ni msingi, na shahada zenyewe huanza na msingi. Ufadhili mkubwa wa serikali ya Korea kwa wageni kwa kawaida humtaka anayeupata atumie mwaka mmoja kujifunza lugha kabla ya kuanza masomo ya shahada.

Ila faida kubwa zaidi haiko katika sentensi atakazojifunza. Iko katika anachokishuhudia: chuo kikuu ambacho daktari, mhandisi, mwanasheria na mwanafizikia hufundishwa, hubishana na kuandika tasnifu kwa lugha ya mama zao. Lugha hiyo ilipitia moto. Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 Kikorea kilifukuzwa madarasani. Mwaka 1942 wanachama wa chama cha lugha waliokuwa wakiandaa kamusi walikamatwa, wakateswa, na wengine wakafia gerezani. Muswada wa kamusi ukapotea. Septemba 1945, majuma machache baada ya uhuru, uliokotwa katika ghala la stesheni ya reli ya Seoul. Juzuu la kwanza lilichapishwa 1947, na la sita, la mwisho, 1957, baada ya vita vilivyouacha mji huo kifusi.

Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwa nini habari hii inanigusa. Sisi pia tuna wafanyakazi wa kamusi: taasisi ya Dar es Salaam iliyozaliwa 1964, Baraza la Kiswahili la 1967, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Tuna lugha ambayo UNESCO imeipa siku yake, Julai 7. Na bado tunamwambia mtoto wa sekondari kwamba kemia haisomeki kwa lugha anayoitumia kuwaza. Miongo yote ya mjadala wa lugha ya kufundishia tumebishana kwa nadharia: haiwezekani, istilahi hazitoshi, tutatengwa na dunia. Mpeleke kijana Seoul akae miezi minne katika nchi inayouza meli na simu dunia nzima huku ikifundisha kwa lugha iliyowahi kupigwa marufuku, kisha arudi kwenye mjadala huo. Atakuja na ushahidi, na utakuwa ushahidi wenye pande zote, kwa sababu Wakorea nao wanabishana. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya KAIST ilipogeuza masomo yake mengi kuwa ya Kiingereza miaka ya 2000, upinzani wa wanafunzi na walimu ulikuwa mkali. Vitabu vya Kiingereza vimejaa katika maabara zao. Hoja yao haikuwa kamwe kuchagua lugha moja na kuifungia nje nyingine. Walijenga nyumba ya kwao kwanza, halafu wakafungua madirisha.

Ulaya haiwezi kumpa kijana wetu somo hilo. London itamthibitishia alichokwisha kuambiwa tangu kidato cha kwanza, kwamba elimu na Kiingereza ni kitu kimoja.

Wao wanajifunza kwetu

Kwa nini Asia? Kwa sababu Asia imeshafika barazani. Abiria anayepanda treni ya umeme ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, huduma iliyofika makao makuu ya nchi Julai 2024, huvutwa na vichwa vilivyotengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea. Daraja la Tanzanite, linalokatiza bahari kutoka Aga Khan hadi Coco Beach na kufunguliwa 2022, limejengwa kwa mkopo wa Korea na kampuni ya Korea. Kenya imechukua mkopo wa Korea kujenga taasisi yake ya juu ya sayansi kule Konza kwa mfano wa KAIST. Juni 2024 viongozi wa Afrika waliitwa Korea kwa mkutano wa kwanza wa aina yake.

Mikopo hiyo italipwa na hao hao wanafunzi wa leo. Ni nani kati yao atakayeketi upande wetu wa meza akijua jinsi kampuni ya Kikorea inavyofikia uamuzi, nani huongea kikaoni na nani hunyamaza lakini ndiye mwenye kauli? Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni kimekuwa kikiwafundisha vijana wa Kikorea Kiswahili tangu miaka ya 1980. Wao walianza kutujua kabla hawajatukopesha. Sisi tumekopa kwanza, na kijana wetu akitaka kwenda kuwajua tunamwambia anapoteza muda.

Gharama, na nani anayebaki

Hoja ya fedha ni nzito na sitaikwepa. Tiketi ya ndege ni ghali, chumba ni ghali, na bumu, yaani posho ya mkopo wa mwanafunzi, halifiki uwanja wa ndege wa Incheon. Lakini mara nyingi wanaoitumia hoja hii hawajui makubaliano ya mabadilishano yanavyofanya kazi. Kwa kawaida mwanafunzi hulipa ada ya chuo chake cha nyumbani, na chuo cha ugenini hakimtozi ada nyingine, kwa sababu nacho kimempeleka mtu wake. Kinachobaki ni nauli, malazi na chakula. Ipo njia ya kuishi kwa adabu. Kuna vyumba vidogo vya kupangisha kwa mwezi, kitanda na meza vinagusana, ambavyo jikoni mwake mara nyingi huwa na wali na kimchi bila malipo. Kuna kantini za vyuo. Na kwa mzazi Mwislamu anayehofia swala na chakula, Msikiti Mkuu wa Seoul umesimama juu ya kilima cha Itaewon tangu 1976, na mitaa inayouzunguka ina bucha na mikahawa ya halali.

Hata hivyo, fedha hiyo wengi hawana. Jambo hilo husemwa kuwa ndilo linaloufanya mpango huu kuwa wa watoto wa wenye nacho. Nasema dharau yetu ndiyo inayoufanya hivyo. Chuo kikiona muhula wa nje ni matembezi, hakitautengea bajeti. Mfadhili akiona ni matembezi, hatatoa nauli. Bodi ya mikopo ikiona ni matembezi, haitaona sababu ya kuendelea kumpa posho mwanafunzi ambaye bado amesajiliwa nyumbani. Mwisho wa mnyororo huo, atakayekwenda ni yule tu ambaye baba yake analipa. Mtoto wa mkulima wa Kahama, ambaye angefaidika kuliko wote, ndiye anayebaki. Anayejali usawa adai mfuko wa nauli.

Kuna na jambo moja ambalo wachumi wetu wangepaswa kulipigania. Kila mwaka tunalia kwamba vijana wetu wenye vipaji huenda nje na hawarudi. Mwanafunzi wa mabadilishano hana budi kurudi, kwa sababu shahada yake iko nyumbani, nusu imejengwa. Anarudi akiwa na mwaka au miwili mbele yake ya kuandika tasnifu, kubishana darasani na kuwaambukiza wenzake aliyoyaona. Nchi hupata faida ya safari papo hapo, tena kwa bei ya muhula mmoja.

Pale wapinzani wanapoona kweli

Kuna mihula inayopotea, sikatai. Wapo wanaofika Seoul, wakachagua kozi za Kiingereza peke yake, wakaishi na wageni wenzao, wakakesha katika mtaa wa starehe wa Hongdae, wakarudi wakijua majina ya vituo vya treni tu. Wapo waliokaa miezi minne bila kula meza moja na Mkorea. Pia kuna ubaguzi. Mwafrika hukodolewa macho kwenye treni, huulizwa maswali ya ajabu, na wakati mwingine hunyimwa chumba bila maelezo. Miswada ya sheria ya jumla ya kupinga ubaguzi imepelekwa bungeni mara kadhaa tangu 2007 na haijapitishwa. Mwanafunzi anastahili kuambiwa haya kabla ya kuondoka, na kuambiwa aende wapi akionewa.

Lakini muhula unaopotea hupotea kwa kukosa maandalizi, na maandalizi ni kazi yetu. Nimekaa kikao cha idara ambapo mwanafunzi aliyefaulu vizuri somo la takwimu ugenini alitakiwa kulirudia, kwa sababu jina la kozi halikufanana na letu neno kwa neno. Hakuna aliyefungua muhtasari wa kozi ulioambatishwa kwenye barua yake, kurasa sita zenye mada zile zile tunazofundisha sisi. Akacheleweshwa mwaka. Hadithi yake ikazunguka hosteli kama ushahidi kwamba muhula wa nje ni hasara. Hasara ilitengenezwa mezani kwetu, kwa uvivu wa kusoma kurasa sita.

Ulaya iliuona ugonjwa huu mapema. Mpango wa Erasmus ulianza 1987, na ulipokua ulisimama juu ya jambo moja la kiofisi: krediti zinazotambulika pande zote mbili, zilizokubaliwa kwa maandishi kabla ya safari. China, Japani na Korea nazo zina mpango wao wa kubadilishana wanafunzi, Campus Asia, uliokubaliwa na viongozi wao mwaka 2010. Mataifa yenye vyuo vinavyosifika duniani hayaoni aibu kuwatuma vijana wao kwa jirani kwa muhula mmoja. Sisi, ambao vyuo vyetu vinahitaji kuona zaidi, ndio tunaojifanya tumetosheka.

Kinachotakiwa hakihitaji tume wala sera mpya. Mkuu wa idara anayepelekewa fomu ya mabadilishano aache kuuliza "unakwenda kufanya nini huko?" kwa sauti ile tunayoijua, na badala yake aulize mambo matatu. Utachukua kozi zipi, na ipi kati yake itahesabiwa badala ya ipi yetu? Utasoma lugha saa ngapi kwa wiki, na umeanza lini? Ukirudi, utaiandikia idara nini ambacho wenzako wanaweza kukisoma na kukipinga? Mzazi naye aulize hayo hayo kabla hajauza shamba au kukataa kuuza. Na mwanafunzi anayetaka kwenda awe ameshayajibu kabla hajagonga mlango wa mtu.

Akijibu, tia saini. Asipoweza kujibu, mrudishe akajiandae, mpe tarehe ya kurudi na fomu yake, kisha tia saini.